Mwani Uliolala Juu ya Jamvi la Karafuu

Ukifika Jadida, pale Wete, ukaulizia nyumba ya Mwanakhamis binti Hafiz, hutapotea. Mtu wa kwanza utakayemuuliza atakuonesha, na hatakosa kukuongezea kwamba huyo ndiye mwanamke aliyemgomea daktari. Wapo wanaolisema hilo kwa kumsifu, na wapo wanaolisema huku wakibetua midomo. Mwenyewe hajali. Akilisikia hujibu kwamba hakumgomea mtu, alikataa kutupa kitu kizima jaani, na mwenye akili zake angefanya vivyo hivyo.

Alizaliwa Msuka, kule kaskazini kabisa ambako kisiwa cha Pemba kinakwisha. Shuleni alikuwa hodari wa hesabu na sayansi mpaka kidato cha pili, mama yake alipopooza upande mmoja na ikaamuliwa kwamba binti mkubwa ndiye wa kubaki nyumbani. Hakuna aliyemuuliza anaonaje. Akavua sare, akajifunga kanga mbili, akaingia baharini kulima mwani na wanawake wenzake. Huko alikaa miaka ishirini na mitano, akipigilia vigingi, akifunga mbegu kwenye kamba, akiinama kutwa maji yakiwa kiunoni, kisha akipandisha magunia yaliyolowa hadi juu nchi kavu. Katika miaka hiyo aliolewa, akaachwa, akamzika mama yake. Kisha maji yakaanza kupata moto kuliko zamani, mwani ukawa unageuka mweupe na kukatika vipande vipande, na uliobaki haukuweza kumlisha mtu. Ndipo alipohamia Jadida kwa shangazi yake na kutafuta kazi nyingine.

Alipata kazi ya usafi katika maabara moja ndogo ya mazao ya baharini, vyumba vitatu tu nyuma ya ghala la zamani. Alitakiwa kupiga deki na kuosha chupa. Wenye maabara hawakujua kwamba wamemwajiri mtu anayeujua mwani kuliko wao, na yeye hakuwa mtu wa kuwaacha waendelee kutojua. Mwezi wa pili tu tangu aanze, mkuu wa maabara, Daktari Nassor, mtu wa Unguja aliyesomea kemia nje, alikuwa anahangaika na uji wa mwani uliokataa kuganda. Mwanakhamis aliupitia mkono mwani uliobaki kwenye gunia, akamwambia kwamba huo bado ni mtoto, umevunwa wiki ya tatu, na mwani usiofika wiki ya sita hauna nguvu ya kuganda hata ukipikwa mpaka kesho. Daktari alicheka. Wiki iliyofuata alipima wa wiki tatu na wa wiki sita, akaacha kucheka, na siku hiyo hiyo akamtafutia Mwanakhamis koti jeupe na daftari lake mwenyewe.

Lile koti lilikuwa la mtafiti aliyehama na lilimpwaya mabegani, lakini alilipiga pasi kila siku. Alikuwa na furaha ambayo hakumwambia mtu. Alipokuwa kidato cha pili alinyang'anywa kitu, na sasa, akiwa na miaka arubaini na mbili, alikuwa amekishika tena mkononi.

Kazi yenyewe ukiieleza ni nyepesi. Mwani mkavu unalowekwa, unapikwa mpaka unakuwa uji mzito, unachujwa, unamwagwa juu ya kioo, na ukikauka unabandua utando mwembamba unaoonesha upande wa pili. Utando huo unafungia mkate, halua, sabuni, chochote ambacho watu wamezoea kutia kwenye nailoni, na ukishamaliza kazi unautia maji ukayeyuka. Watafiti walikuwa na jina lao refu la kitu hicho. Mwanakhamis alikiita ngozi ya mwani, na baada ya muda hata Daktari Nassor alianza kukiita hivyo.

Tabu ilikuwa ukungu. Hewa ya Wete ni ya majimaji, na ukungu wake hauna adabu. Ngozi ilikuwa nzuri siku ya kwanza, nzuri siku ya pili, na siku ya nne ilikuwa na madoa ya kijani. Walibadilisha moto, wakabadilisha maji, wakaongeza hiki na kupunguza kile, madoa yakaja vile vile. Waliokuwa wakiugharamia mradi walikuwa wamechoka kusubiri. Waliandika kwamba ikifika mwisho wa Januari hawajaoneshwa ngozi inayokaa na chakula ndani kwa siku kumi na nne, maabara ifungwe. Na maabara ikifungwa, wanawake arubaini wa Msuka waliokuwa wakiilimia mwani wangekuwa wamelima bure, na Mwanakhamis angevua koti kama alivyovua sare.

Sasa ikaja Novemba na mvua za vuli. Mmoja wa wale wanawake arubaini alikuwa Asma, mke wa Bakar, kaka yake Mwanakhamis. Asma alikuwa na mwani wake juu ya chanja, zile meza za miti ambazo mradi ulitaka mwani uanikwe juu yake na si mahali pengine popote. Mvua ikaja kwa ghafla kutoka baharini, na mwani uliokwisha kuvunwa ukinyeshewa umekwisha. Asma aliukusanya kwenye magunia, akaupandisha nyumbani kichwani, safari sita, peke yake. Nyumba ilikuwa inavuja. Pakavu palikuwa chumbani tu, na cha kuutandazia kilikuwa kimoja.

Asma, kama watu wengi wa Msuka, kila msimu hufunga virago akaenda kambi upande wa magharibi kuchuma karafuu, na ndio kwanza alikuwa amerudi na majamvi yake mawili. Jamvi la karafuu lina heshima yake. Halilaliwi, haliliwi chakula juu yake, na halianikiwi kitu kingine. Likirudi kambi hukung'utwa, likakunjwa, likasubiri mwaka ujao, limeiva rangi kwa mafuta na harufu yake imejaa nyumba nzima. Asma alijua anavunja desturi ya nyumbani na sharti la mradi kwa mkupuo mmoja. Akatandika jamvi moja, akamwaga mwani, akaufunika kwa jamvi la pili, na kwa siku tatu mwani ukalala hapo katikati na joto lake.

Nusu ya mwani huo ilipofika Wete, Mwanakhamis alifungua gunia na harufu ya karafuu ikamwingia puani. Sharti lilikuwa kwamba mwani uliogusa kitu kingine zaidi ya chanja urudishwe. Akampigia simu wifi yake, na Asma akamweleza yote bila kuficha. Mwanakhamis alikaa na simu mkononi. Aliujua uzito wa gunia lililolowa, na alikuwa amewahi kurudishiwa lake. Akafungua daftari, akaandika kwamba mwani huu umeanikwa juu ya jamvi la karafuu kwa sababu ya mvua, akaupokea. Kisha akaupika kama alivyozoea kupika kila kitu, sufuria ikiwa na kifuniko na moto mdogo, ingawa karatasi iliyobandikwa ukutani ilisema sufuria iachwe wazi.

Siku ya nne ngozi ile ilikuwa safi. Siku ya nane ilikuwa safi. Siku ya kumi na mbili Daktari Nassor aliingia akaiona, akamwita kila mtu, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, na kwa muda wa robo saa hakukuwa na mtu mwenye furaha Pemba nzima kumshinda. Halafu akainusa.

Aliuliza, akaambiwa. Alisoma daftari, akakuta limeandikwa. Daktari Nassor hakuwa mtu mbaya, na ni haki kulisema hilo. Alikuwa mwangalifu, na kwa mtu mwangalifu sampuli iliyoguswa na kitu kisichopangwa ni sampuli iliyokufa. Alisema ni chafu, itamharibia kazi yote ya mwaka mzima, na wakubwa wakijua watasema maabara hii haina nidhamu. Akaamuru itupwe, na Mwanakhamis aandike barua ya kukiri kwamba amepokea mwani mchafu kwa makusudi.

"Situpi, Daktari," alisema Mwanakhamis. "Uchafu haufukuzi ukungu. Hino ina kitu ndani, na kazi yetu siye ni kukijua."

Daktari alirudia amri, safari hii taratibu, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kujirudi. Mwanakhamis hakujirudi. Aliomba wajaribu tena kwa majamvi, la karafuu na lisilo la karafuu, waone. Akajibiwa kwamba hakuna muda wala fungu la kufanyia majaribio ya majamvi. Barua ikaandikwa na mtu mwingine, ikaletwa mbele yake asaini. Aliisoma mpaka mwisho, akachukua kalamu, na badala ya saini akaandika chini yake: nilipokea nikijua, na haikuwa chafu. Daktari akamwambia aende nyumbani mpaka atakapoitwa. Mwanakhamis alilivua koti, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kiti. Jambo moja aliliomba kabla ya kutoka, kwamba ile ngozi ifungiwe kabatini isitupwe, na Daktari, ambaye moyoni hakuwa na uhakika hata kidogo, akaifungia.

Alilia njia nzima mpaka Jadida, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Shangazi yake alimwambia akaombe radhi, kwani kazi hazipatikani. Asma alipiga simu akilia vile vile, akisema yeye ndiye aliyemharibia. Mwanakhamis alimkatiza, akamuuliza ile nusu iliyobaki Msuka iko wapi. Asma akasema ipo, tena bado imelala kwenye majamvi. Mwanakhamis akamwambia asiiguse mpaka afike, na kesho yake akaifuata na kurudi nayo Jadida.

Hakuwa na maabara, lakini alikuwa na jiko, sufuria na kitambaa cha kuchujia tui. Kioo cha kumwagia uji hakuwa nacho, akachomoa vioo sita vya dirisha la chumba chake mwenyewe, akaviosha kwa ndimu, akavipanga juu ya meza, na dirishani akatundika kanga. Alipika mwani wa jamvini kwa sufuria yenye kifuniko. Alipika na mwani mwingine wa Asma, ule wa chanja, kwa sufuria hiyo hiyo na moto huo huo, maana alijua ukitaka kujua kilichofanya kazi ubadilishe kitu kimoja tu na vingine uviache. Hilo hakufundishwa na Daktari. Alilifundishwa na mwalimu wake wa kidato cha pili na hakuwahi kulisahau.

Ngozi zilipokauka alikwenda nazo kwa Fakhruddin, mwenye duka mjini Wete. Alimwomba aweke mikate mitatu ya boflo juu ya kaunta, mmoja ndani ya nailoni, mmoja ndani ya ngozi ya chanja, mmoja ndani ya ngozi ya jamvi, na asiiguse. Fakhruddin alimuuliza kama ana kisa naye, maana hakuna mwenye duka anayeoteshea ukungu mbele ya wateja wake. Mama yake, Bi Zohrabai, aliyekuwa ndani nyuma ya pazia, alisikia yote. Akamwambia mwanawe aache maneno, kwani boflo linaota ukungu dukani humu kila wiki na hakuna aliyewahi kuletewa dawa yake.

Basi ikawa vita ya hadharani. Mwanakhamis alikuja kila asubuhi akaandika siku kwa chaki kwenye ubao wa mlango. Waliokuja kununua sukari walichungulia, na waliokuja kuchungulia wakanunua sukari, hata Fakhruddin akaacha kunung'unika. Walikuwepo waliomcheka, wakimuuliza kama amefukuzwa maabara ili aje kufungua nyingine kwa Mhindi. Mwanakhamis aliwajibu wasubiri. Siku ya nne boflo la nailoni lilikuwa na manyoya ya kijani. Siku ya tano la chanja likafuata. La jamvi likabaki, siku ya saba, siku ya kumi, siku ya kumi na nne, limekauka kidogo na linanukia karafuu, lakini halina doa. Siku hiyo Bi Zohrabai alitoka nje ya pazia akalitazama mwenyewe kwa miwani.

Huko maabara Daktari Nassor hakuwa amelala. Alikuwa amenunua mafuta ya karafuu na kuyatia matone kwenye uji wa mwani, kwa siri, maana aliona haya. Mafuta yalielea juu kama kwenye mchuzi, na ngozi ikatoka ina matundu matundu na mabaka. Alijaribu mara nne. Siku ya kumi na sita alipita kwa Fakhruddin kununua majani ya chai, akaliona boflo na akaiona chaki. Alisimama hapo muda mrefu hata akasahau majani ya chai.

Kesho yake alasiri akabisha hodi Jadida. Mwanakhamis alimkaribisha vizuri, akamwekea kahawa, akamwacha aseme. Daktari alieleza habari za matone yake bila kujitetea. Akasema sasa anaelewa, kwamba mwani ukiwa mbichi na kufunikwa na joto huyanywa mafuta polepole mpaka ndani, na kwamba kifuniko cha sufuria ndicho kilichoyazuia yasitoke na mvuke. Alikuja kumwomba arudi, wairudie kazi ile kwa vipimo kamili kabla ya Januari kwisha. Halafu akashusha sauti. Katika ripoti, alisema, ingefaa waandike kwamba mafuta ya karafuu yaliingizwa na watafiti wakati wa matayarisho, na jina la Mwanakhamis liwekwe mwishoni mahali pa shukrani. Habari za jamvi na nyumba inayovuja zingewafanya wakubwa wacheke.

"Mvua ilinyesha au haikunyesha?" Mwanakhamis alimuuliza.

"Ilinyesha."

"Asma kaanika juu ya jamvi au hakuanika?"

"Bi Mwanakhamis, mimi nakubali kwamba..."

"Basi andika hivyo. Ukiandika vyengine, mtu wa pahala pengine akija kufuata maandishi yako atatia matone kama weye, na atapata matundu kama yako. Hiyo itakuwa kemia gani? Wakitaka kucheka, nawacheke. Siye twawazoea."

Alimweleza sharti lake lilivyo. Atarudi kazini siku ile ambayo Daktari atakwenda Msuka mwenyewe, akae na Asma, aandike kila alichokifanya na jina lake juu. Bila hivyo, alisema, ngozi ile ataendelea kuipika hapa hapa, na vioo vya madirisha bado anavyo. Daktari aliinywa kahawa yote, akaaga, hakuahidi kitu. Shangazi mtu alitoka chumbani akashika kichwa.

Siku tatu zilipita, na katika siku hizo tatu Mwanakhamis aliogopa kweli kweli. Aliihesabu Januari kwa vidole, akawafikiria wanawake arubaini na vigingi vyao, na mara mbili alichukua simu ampigie Daktari amwambie aandike anavyotaka. Mara zote mbili aliirudisha mahali pake. Siku ya nne gari la maabara lilisimama nje, na Daktari akauliza njia ya kwenda kwa Asma.

Mwanakhamis akapanda, wakaenda pamoja. Asma alidhani wamekuja kumshitaki. Alipoelewa kwamba wanataka kujifunza kwake alikaa kitako kwanza. Halafu alieleza yote, jamvi linavyokung'utwa, upande gani unakuwa juu, mwani unakuwa na unyevu gani unapomwagwa, na unageuzwa lini. Daktari aliandika kurasa saba. Wakatandika upya, wakafunika, wakasubiri siku tatu, wakapika kwa kifuniko. Ngozi ile ilikaa siku kumi na nne, ikakaa ishirini, na sampuli tano kati ya tano zikawa hivyo hivyo.

Ripoti ilikuwa tayari siku mbili kabla ya mwisho wa Januari, nakala moja ya Kiingereza kwa wakubwa na moja ya Kiswahili kwa watu wa Msuka. Daktari alimpa Mwanakhamis ile ya Kiswahili aisome. Aliisoma amesimama, amevaa koti. Jina la Asma binti Rajab lilikuwepo mwanzoni, na lake lilifuata, na jamvi lilikuwepo, na mvua ilikuwepo. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Alirudi ukurasa wa pili, akaweka kidole kwenye mstari uliosema kwamba mwani huo kwa bahati ulikutana na mafuta ya karafuu.

Akamwomba Daktari alifute lile neno bahati. Daktari alicheka kwa wema, akasema ni neno dogo, halimwondolei mtu kitu, na mambo mengi makubwa katika kemia yalipatikana kwa bahati. Saa ya kutuma ilikuwa imekaribia. Mwanakhamis hakuuondoa mkono juu ya karatasi.

"Bahati haikubeba magunia sita," alisema. "Kabeba Asma."

Daktari Nassor aliutazama ule mstari, akamtazama yeye, akavuta kalamu na kulikata neno. Mwanakhamis alisubiri wino ukauke. Kisha akamsogezea na nakala ya pili.

"Na kwenye Kizungu pia, Daktari."